Kumsomesha mtoto nyumbani Ufaransa: kibali, ukaguzi, na pale faili linapokwama

Mzazi anayeishi Ufaransa na anayetaka mwanawe asomee nyumbani kuanzia Septemba ana miezi mitatu tu ya kuomba kibali: tarehe 1 Machi hadi 31 Mei. Akipeleka ombi mwezi wa Juni amechelewa, labda awe na mojawapo ya sababu chache nitakazozitaja mbele. Wazazi wengi bado wanaamini kwamba mtihani mgumu ni siku mkaguzi atakapobisha hodi. Hiyo ilikuwa zamani. Tangu Septemba 2022 mtihani uko kwenye faili, na kosa ninaloliona kubwa kuliko yote ni la mzazi kuandika kurasa nyingi kuhusu imani yake juu ya malezi, kisha mistari mitatu kuhusu mtoto.

Ili kuelewa kwa nini kosa hilo linagharimu, inabidi kujua sheria ilikotoka.

Ufaransa ililazimisha elimu, haikulazimisha shule. Sheria ya tarehe 28 Machi 1882, inayojulikana kwa jina la waziri Jules Ferry, iliwataka watoto wa miaka 6 hadi 13 waelimishwe, lakini ikaacha mlango wazi: elimu hiyo ingeweza kutolewa nyumbani, na baba mwenyewe au mtu yeyote aliyemchagua. Sharti lilikuwa mtihani wa kila mwaka, kuanzia mwisho wa mwaka wa pili wa masomo. Umri wa kumaliza ukasogezwa hadi miaka 14 mwaka 1936, kisha 16 mwaka 1959. Mwaka 1998 ukaguzi ulikazwa, kwa hofu ya madhehebu yanayowatenga watoto na jamii. Sheria ya mwaka 2019 ikashusha umri wa kuanza hadi miaka 3. Katika muda wote huo mzazi alikuwa anatoa taarifa tu. Alimwandikia meya na idara ya elimu kwamba mwaka huu mtoto atasomea nyumbani, akaanza kazi, akamsubiri mkaguzi.

Mambo yaligeuka tarehe 2 Oktoba 2020. Rais Emmanuel Macron, akihutubia mjini Les Mureaux, nje kidogo ya Paris, kuhusu vita dhidi ya kile alichokiita utengano wa itikadi kali ya Kiislamu, alitangaza kwamba kusomea nyumbani kutapigwa marufuku isipokuwa kwa sababu za afya. Alitaja watoto zaidi ya 50,000. Conseil d'État, ambayo ni mahakama ya juu ya kesi za kiutawala na pia mshauri wa serikali kabla muswada haujafika bungeni, ilionya Desemba mwaka huohuo kwamba marufuku ya namna hiyo ina kasoro za kisheria. Serikali ikarudi nyuma hatua moja: badala ya marufuku, kibali. Ndivyo kilivyozaliwa kifungu cha 49 cha sheria ya tarehe 24 Agosti 2021. Siku chache kabla, tarehe 13 Agosti, Baraza la Katiba lilikuwa limeamua kwamba kusomesha nyumbani si sehemu ya uhuru wa kufundisha unaolindwa na katiba. Ni njia mojawapo tu ya kutimiza wajibu wa elimu, kwa hiyo bunge linaweza kuibana. Mzazi anayeingia mahakamani leo akidai haki ya kikatiba anajenga hoja juu ya msingi ambao umeshabomolewa.

Familia zilizokuwa tayari zinasomesha nyumbani zilipewa miaka miwili ya mpito, iliyokwisha kabla ya Septemba 2024. Sasa kila mtu yuko chini ya utaratibu mmoja, pamoja na wakazi wa Mayotte na Réunion, kwa kuwa visiwa hivyo ni majimbo ya Ufaransa. Ushauri wowote ulioandikwa kabla ya 2022 unaosema "toa taarifa tu, inatosha" umepitwa na wakati, na anayeufuata anajiingiza kwenye matatizo.

Naona ni sawa kabisa dola kuwaangalia watoto, kwa sababu mtoto wa miaka saba hawezi kwenda mwenyewe kituo cha polisi kusema hafundishwi. Kinachonisumbua ni kwamba zamani dola ilimtazama mtoto anachojifunza, na siku hizi inaanza kwa kutazama mzazi anavyoandika. Mwenye Kifaransa cha barua za serikali ana nafuu kubwa. Mama aliyehamia kutoka Bukavu au Bujumbura, anayeweza kufundisha hesabu vizuri mno, anaweza kubaki mlangoni kwa sababu ya mpangilio wa karatasi. Ndiyo maana nazieleza karatasi zenyewe.

Nani anahusika

Wajibu unaanza Septemba ya mwaka ambao mtoto anatimiza miaka 3, si siku anayotimiza. Aliyezaliwa Desemba 2023 anaingia chini ya sheria Septemba 2026, akiwa bado na miaka miwili na miezi tisa. Wazazi wa watoto wa mwisho wa mwaka hukosa dirisha la Machi hadi Mei kwa kudhani wana mwaka mwingine mbele. Kwa upande wa pili, kibali hakihitajiki mtoto akishafikisha miaka 16, ila tangu 2020 upo wajibu wa kijana kuwa kwenye masomo, mafunzo au kazi hadi afikishe 18.

Milango minne

Sheria inakubali sababu nne, na ni lazima uchague unapoingilia.

Wa kwanza ni afya au ulemavu. Kinachotakiwa ni cheti cha daktari kisichozidi mwaka mmoja, ndani ya bahasha iliyofungwa, ili kisomwe na daktari wa idara ya elimu na si karani. Au uamuzi wa tume ya jimbo inayoshughulikia watu wenye ulemavu. Huu ndio mlango pekee ambao kibali chake kinaweza kutolewa hadi miaka mitatu. Mingine yote ni mwaka mmoja, na kila Machi unaanza upya.

Wa pili ni michezo au sanaa zinazochukua muda mwingi wa mtoto. Watu hukwama hapa kwa kuambatisha barua ya klabu na kuishia hapo. Barua haitoshi, inatakiwa pia ratiba inayoonyesha kwamba mazoezi yanagongana na saa za shule. Mtoto anayecheza dansi jioni tatu kwa wiki baada ya saa 11 hana mgongano wowote, hata awe na kipaji cha namna gani.

Wa tatu ni kwa familia zinazohamahama ndani ya Ufaransa, kama watu wa sarakasi, wafanyabiashara wa maonyesho ya mitaani na mabaharia wa mifereji, au wanaoishi mbali sana na shule yoyote ya umma. Ushahidi wake ni wa kazi na wa ramani. Hauna ugumu mkubwa.

Wa nne ndio wenye msongamano: "hali mahususi ya mtoto inayohalalisha mpango wa elimu". Asiye mgonjwa, asiye mwanamichezo na asiyehamahama anapitia hapa. Mafaili mengi ya mlango huu yangeokolewa kwa kuandikwa upya, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Faili la mlango wa nne

Kanuni inataka mpango wa elimu ulioandikwa: utafundisha kwa njia gani, mtoto atapangiwaje muda wake, utatumia vitabu na nyenzo gani, na kama kuna taasisi ya masomo ya mbali utakayoitumia. Inataka uthibitisho kwamba anayefundisha ana muda. Mwajiriwa wa siku nzima lazima aeleze atafundisha saa ngapi. Inataka nakala ya cheti chake cha baccalauréat, yaani cha kumaliza sekondari, au cha ngazi inayolingana. Na inataka tamko lililotiwa saini kwamba mafundisho yatatolewa kwa sehemu kubwa kwa Kifaransa.

Mambo hayo mawili ya mwisho yanawagusa wasemaji wa Kiswahili moja kwa moja. Mwenye cheti cha kidato cha sita cha Tanzania, au cha nchi nyingine yoyote, lazima aonyeshe kinalingana na ngazi ya 4 ya Ufaransa, ambayo ndiyo ya baccalauréat. Hati ya ulinganisho hutolewa na kituo cha ENIC-NARIC, na si kitu cha kuombwa wiki ya mwisho ya Mei. Ianze wakati wa baridi, pamoja na tafsiri rasmi ikihitajika. Kuhusu lugha, hakuna anayekukataza kumfundisha mtoto Kiswahili. Kiweke kwenye ratiba kama somo, na saa zake zionekane. Ila hesabu, sayansi na historia zikiwa zote kwa Kiswahili, umevunja tamko ulilolisaini, na mkaguzi ataligundua kwenye daftari la kwanza.

Sasa moyo wa faili. Tarehe 13 Desemba 2022 Conseil d'État ilieleza namna maombi haya yanavyopaswa kupimwa. Idara inatakiwa kutazama hali ya mtoto huyu, ipime faida na hasara kwake za kusoma shuleni na za kusoma nyumbani, kisha ichague kinachomfaa zaidi. Na Baraza la Katiba lilikuwa limeshasema kwamba mpango lazima uwe na mambo ya msingi ya ufundishaji yaliyolinganishwa na uwezo na mwendo wa mtoto mwenyewe. Kwa hiyo mzani una sahani mbili. Anayesifia nyumba bila kusema neno kuhusu shule ameacha sahani moja tupu.

Chukua sentensi hii: "Tunaamini kila mtoto hujifunza kwa mwendo wake, na shule ya kawaida haimpi nafasi ya kukua kwa uhuru." Haina uongo. Lakini inamfaa mtoto yeyote wa Ufaransa, na ndiyo sababu haimsaidii wa kwako.

Linganisha na hii: "Binti yetu ana miaka 7. Anasoma vitabu vya watoto wa miaka 10, lakini akiandika mistari minne mkono unamchoka, kama inavyoonekana katika ripoti ya mtaalamu aliyempima, iliyoambatishwa. Darasani hutumia sehemu kubwa ya asubuhi akinakili mambo aliyokwisha kuyaelewa, na madaftari mawili ya mwaka huu tumeyaweka hapa. Nyumbani atasoma historia na sayansi saa 3 hadi saa 5 asubuhi kwa kusoma na kujibu kwa mdomo. Mwandiko utafanywa dakika 15 asubuhi na dakika 15 mchana, kwa mazoezi aliyopewa na mtaalamu. Alhamisi atakuwa maktaba ya manispaa, Jumatano kwaya pamoja na watoto wa shule."

Hapo afisa ana la kupima. Kuna mtoto, kuna tatizo lenye karatasi, kuna shule inavyoligusa, na kuna jibu lenye saa. Hata swali la kuchangamana na wenzake, ambalo huulizwa kila mara, limejibiwa bila kuhubiri. Angalia pia kwamba maelezo hayasemi shule ni mbaya. Yanasema shule haimfai mtoto huyu mwaka huu. Ukiishambulia shule ya umma ndani ya faili linalosomwa na watumishi wa shule ya umma, umejifungia mlango mwenyewe, na hoja yako ya kisheria haijapata nguvu yoyote.

Kama una watoto watatu, andika mipango mitatu. Kunakili maelezo yaleyale na kubadilisha jina ni kukiri kwa maandishi kwamba hali si mahususi.

Kupeleka, na saa inayohesabu

Fomu ni Cerfa namba 16212, moja kwa kila mtoto. Pamoja nayo weka utambulisho wa mtoto, wa wazazi na wa atakayefundisha, na uthibitisho wa makazi. Vyote huenda kwa mkurugenzi wa elimu wa jimbo, ambaye kila mtu anamwita DASEN. Tuma kwa posta ya rejista yenye hati ya mapokezi, au peleka kwa mkono ugongewe muhuri. Usifanye hivyo kwa kuogopa tu kupotea kwa bahasha. Tarehe ya mapokezi ndiyo inayowasha saa: idara ikikaa kimya miezi miwili, umekubaliwa. Ukimya ni kibali, na unaweza kuomba hati ya maandishi inayothibitisha hivyo. Iombe, kwa sababu meya na shule wataitaka.

Faili likipungukiwa utaandikiwa, nawe unapewa siku 15 za kukamilisha. Saa ya miezi miwili haihesabu mpaka karatasi zilizokosekana zifike. Hapa ndipo wengi hukosea hesabu, wakaanza Septemba wakidhani wana kibali cha ukimya ambacho hawana.

Nje ya dirisha la Machi hadi Mei, ombi linapokelewa kwa sababu ya afya, ulemavu au umbali iliyojitokeza baadaye, na pia mtoto anapotishiwa usalama wa mwili au wa nafsi yake shuleni, kwa mfano anapoonewa na wenzake. Katika hali hiyo ya vitisho, baada ya kuzungumza na mkuu wa shule, mzazi anaweza kuanza kumfundisha nyumbani mara tu akishawasilisha ombi, bila kungoja jibu. Weka kumbukumbu ya mazungumzo hayo kwa maandishi, hata barua pepe fupi ya siku ileile: "Kama tulivyozungumza leo asubuhi."

Ukikataliwa

Huwezi kwenda mahakamani moja kwa moja. Kwanza ni rufaa ya lazima kwa tume inayoongozwa na rekta wa kanda ya elimu, ndani ya siku 15 tangu ulipopewa barua ya kukataliwa. Wajumbe wengine ni wakaguzi wawili, daktari wa idara na mshauri wa ustawi wa jamii. Tume ina mwezi mmoja wa kukutana, na jibu linatakiwa kutumwa ndani ya siku 5 za kazi.

Tazama kalenda inavyobana. Faili limefika 25 Mei, kukataliwa kumekuja 5 Julai. Siku 15 zinaishia 20 Julai, wengi wakiwa safarini. Barua ya rejista isiyochukuliwa posta mpaka ikarudishwa imekula muda wote wa rufaa. Kama umeomba Mei, usiondoke Julai bila mtu wa kukusanya barua zako. Au afadhali uombe Machi, upate nafasi ya kupumua.

Tume ikikataa, una miezi miwili ya kufungua kesi katika mahakama ya utawala. Wakili si lazima, na mfumo wa Télérecours citoyens unapokea kesi kwa mtandao bure. Kwa kuwa kesi kamili huchukua muda mrefu, pamoja nayo hufunguliwa ombi la dharura la kusimamisha uamuzi. Jaji hutafuta vitu viwili, udharura na shaka nzito juu ya uhalali wa kukataliwa. Shaka hiyo hupatikana kwa kuonyesha kwamba idara haikumpima mtoto wako, kwa mfano barua imejaa maneno ya jumla yasiyogusa ripoti ulizoambatisha. Ambaye faili lake lilikuwa la maneno ya jumla hana silaha hapo.

Na rufaa haisimamishi wajibu. Wakati unasubiri, mtoto lazima awe shuleni. Anayemweka nyumbani bila kibali hupewa amri ya kumwandikisha ndani ya siku 15, na kuipuuza ni kosa la jinai lenye adhabu ya hadi kifungo cha miezi sita na faini ya euro 7,500.

Wakaguzi wawili tofauti

Ukishapata kibali, watakuja watu wa aina mbili, na kuwachanganya huleta ugomvi usio na sababu.

Meya hufanya uchunguzi wake mwaka wa kwanza, kisha kila miaka miwili. Anaangalia sababu za kusomea nyumbani, na kama mafundisho yanaendana na afya ya mtoto na hali ya maisha ya familia. Hapimi masomo. Mtumishi wa manispaa akitaka kumsomesha mtoto imla, mkumbushe kwa upole kwamba hiyo ni kazi ya idara ya elimu.

Mkaguzi wa masomo huja angalau mara moja kwa mwaka, kuanzia mwezi wa tatu baada ya kibali, na kwa kawaida nyumbani ambako mtoto anafundishwa. Kwa kawaida unaarifiwa kwa maandishi mwezi mmoja kabla. Atakuuliza njia zako, ataomba kuona kazi za mtoto, kisha atampa mazoezi ya kuandika au ya kuzungumza yanayolingana na umri wake. Kipimo ni maarifa ya msingi ya kitaifa kwa vipindi vya miaka mitatu mitatu, si mtaala wa darasa mwezi kwa mwezi. Mtoto anaweza kuwa nyuma kwenye sehemu za hesabu mwezi wa Januari na asiwe na kosa, mradi anasonga. Kinachomshawishi mkaguzi ni mfululizo wa kazi zenye tarehe: daftari la Septemba kando ya la Februari, ili maendeleo yaonekane bila maelezo. Madaftari safi yasiyo na makosa hata moja yanatia shaka, na kwa haki. Na kama mpango uliouandika Mei umebadilika, sema umebadilika na kwa nini, kwa sababu atakuja nao mkononi.

Matokeo yasiporidhisha, utaandikiwa kilichopungua na utakaguliwa mara ya pili. Ya pili nayo ikishindikana, au ukikataa ukaguzi mara mbili bila sababu halali, una siku 15 za kumpeleka shule, na atabaki huko mpaka mwisho wa mwaka wa masomo unaofuata.

Jambo moja huwashangaza watu wema: kibali ni cha watoto wa familia moja. Ukimkaribisha mtoto wa jirani aje afundishwe kila asubuhi mezani pako, kisheria unaonekana umefungua shule bila kuisajili. Kukutana kwa michezo, makumbusho au kwaya hakuna shida.

Kuhusu fedha, familia hailipwi posho ya kuanza mwaka wa shule kwa mtoto anayesomea nyumbani, isipokuwa kama yuko kwenye darasa rasmi la CNED, shirika la umma la masomo ya mbali. Darasa hilo rasmi hutoa ripoti zinazotambuliwa na shule. Masomo huru ya CNED ni ya kulipia na hayatoi haki hiyo.

Tofauti hiyo hujitokeza siku ya kurudi. Kwenye shule ya msingi mtoto huandikishwa kama wengine. Kwenye sekondari ya umma, anayetoka nyumbani bila darasa rasmi anaweza kutakiwa kufanya mtihani wa kumpanga darasa, nao huandaliwa kabla ya likizo ya kiangazi. Waulize idara ya jimbo tarehe zake mapema, mwezi wa Aprili, hata kama wakati huohuo unaomba kibali cha mwaka mwingine.